Paka Aliyesingiziwa

Makaa alikataa kuingia ndani. Paka huyo mweusi wa Lakot, aliyezoea kulala miguuni pa Ayaa, kichanga cha mama huyo, alisimama kwenye kizingiti cha kibanda chao cha bati, katika kambi ndogo ya askari kando ya njia ya Rukoki. Manyoya yalimsimama, kaikodolea macho kona tupu nyuma ya mlango. Lakot alinusa harufu ya nywele zilizoungua, na hakukuwa na moto.

Siku mbili Makaa hakubanduka pale mlangoni. Alikataa hata samaki.

Wakati huohuo koplo Arthur alikuwa anatafuta wa kumtwika lawama. Alikunywa waragi akalala lindoni, wezi wakabeba mablanketi yote ya stoo. Mkuu wa kambi alipomhoji mbele ya paredi, mwanaume mzima, mwenye tepe mbili, alisema: "Afande, paka nyeusi ilinipita mbele. Macho ikafunga yenyewe."

Na watu wakaamini! Hapo ndipo hasira zinaponipanda. Watu huuliza ubaya wa paka mweusi ulitoka wapi, kana kwamba ulishuka na mvua ya mlimani. Ulitoka mdomoni mwa mlevi aliyeogopa kuvuliwa tepe! Kufikia Jumapili habari ilikuwa imezagaa kwenye WhatsApp ya kambi. Gari likikwama, ni paka. Maharage yakiungua, ni paka, na mpishi alikuwa ameyaacha jikoni akapige umbea.

Mkuu akatoa amri paka auawe. Lokwang, mume wa Lakot, akaja na gunia.

"Baba Ayaa, nakuomba." Lakot alimshika mkono. "Hii paka iko nalinda mtoto. Iko naona kitu."

"Oda ni oda," Lokwang alinong'ona bila kumtazama, akaenda kumzamisha Makaa katika mto Nyamwamba.

Mchana huohuo Ayaa, aliyelia tangu paka achukuliwe, alinyamaza ghafla. Lakot alimpakata kitandani, akasikia kucha zikikwaruza bati nyuma ya mlango, kisha chini ya kitanda, kisha ndani ya godoro lenyewe alilokalia, na ile harufu ya nywele ikazidi, na alipomgeuza mtoto ampe ziwa alikuta macho yakimtazama bila kupepesa, macho ya mtu mzima anayemjua na kumcheka.

Alipiga yowe. Majirani wakafunga milango.

Lokwang ndiye aliyemleta Evas, mganga mzee wa Bwera. Evas alinusa mlango, akauliza paka yuko wapi. Alipoambiwa, alitema mate chini.

"Muko wajinga! Ile paka ilikuwa nazuia mulango. Mwenye alikuwa macho mumemuua, mwenye alilala mumemuamini! Hii kitu inakula uongo. Mwenye alisema uongo aje hapa aseme ukweli, itaachilia mutoto."

"Na akikataa?" Lokwang aliuliza kwa sauti ya chini.

"Basi itajua chakula yake iko wapi."

Arthur akaletwa mchana kweupe, kambi nzima imesimama. Lakot alimpigia magoti, mtoto mikononi.

"Afande Arthur, sema tu ukweli. Mtoto yangu inakufa."

Arthur alimtazama mtoto. Akamtazama mkuu. Akagusa tepe zake.

"Ilikuwa paka," alisema.

"Ilikuwa paka," akajibu Ayaa, mtoto asiye na jino hata moja, kwa sauti ileile ya Arthur.

Wanawake walirudi nyuma wakikanyagana. Mkuu wa kambi alitokwa jasho. "Hiyo si mtoto!" alifoka. "Itoke kambi yangu! Sasa hivi!"

Lokwang akaenda kuwafungulia geti, mshenzi yule.

Lakot aliinuka. Woga ulikuwa umemwisha, imebaki hasira. Alimfunga Ayaa mgongoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Mulianza na paka," alisema. "Leo mtoto. Kesho nani?"

Akatoka getini na Evas. Hawakufika mbali barabarani, Ayaa akajinyoosha na kulia, kilio kikali cha njaa, cha mtoto wa kawaida kabisa, na Lakot akaketi palepale kando ya njia akamnyonyesha, machozi yakimtiririka.

Kule kambini paredi nzima ilikuwa inamkimbia Arthur. Alikuwa amefungua mdomo ili aape tena, ile harufu ya nywele ikamzunguka, na kilichotoka kilikuwa mlio wa paka.