Hodi ya Waya wa Kijiwani

Mie si mtu wa kuzua. Anayenijua hapa ughaibuni, Kilburn, anajua kwamba nikisema jambo, basi nimeliona au nimelisikia kwa masikio yangu haya mawili. Hili lilimpata Jokha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtoto wa Pemba, mpole hata kugombana hajui. Siku lilipoanza ilikuwa Jumatatu ya kawaida tu ya mwezi wa Novemba, mvua ya rasharasha, treni zimechelewa kama ada yao. Jokha alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili zilikuwa zimeshaharibika kabla ya hiyo. Kila asubuhi akiamka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka mkono tumboni na kusubiri mtoto acheze. Akishacheza ndipo alipoinuka kitandani.

Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani. Ejensi iliyomwajiri ilimpa mzee mmoja wa Harrow, Mister Harcombe, miaka tisini na moja, mchoyo, mdomo mchafu. Nyumba kubwa, baridi, mapazia hayafunguliwi. Siku hiyo ya kwanza mzee alihesabu biskuti mbele ya macho yake, akafunga kopo, akasema, "Zipo kumi na nne." Mtu mzima na ndevu zake! Jokha akaendelea kufuta vumbi, maana kodi ya nyumba haingoji mtu apoe hasira.

Sebuleni, juu ya kabati, palikuwa na vitu viwili alivyokatazwa kugusa. Kimoja kilikuwa kipande cha kebo, kinene kama mchi, kimekatwa ncha zote mbili. Ukichungulia unaona shaba katikati, mpira mweusi ukiizunguka, kisha vyuma vya kuikinga na mawe ya baharini. Cha pili kilikuwa kidude cha shaba cha kupokelea telegramu, kile kilichokuwa kikigonga habari zinapoingia. Hakikuunganishwa na waya wowote. Juu yake ilitundikwa picha ya Mzungu mwenye masharubu, amesimama ufukweni, shoka mkononi. Nyuma yake wanaume wa kwetu, kifua wazi, wanavuta kebo kutoka majini.

"Babu yangu huyo," mzee alisema. "Ndiye aliyepeleka waya kwenye visiwa vyenu. Kabla yake nani alijua kama mpo?"

Jokha aliisogelea picha. Alisoma maandishi yaliyo chini yake, akayarudia. Kijiwani. Kisiwa cha kina mama yake, kaskazini ya Pemba, kidogo hata ramani nyingi hazikitaji.

Alhamisi ya wiki ileile, saa kumi kasorobo jioni, alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nje giza limeshaanza kuingia. Mikono imo kwenye povu, mawazo yapo hospitali, kwa sababu kesho yake alikuwa na skani. Akasikia panabishwa. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kwa adabu, halafu kimya. Sasa sisi tumelelewa hivyo. Mtu hubisha mara tatu, na asipoitikiwa huondoka zake bila kinyongo. Na aliye ndani hamwachi mgeni akasimama mlangoni. Jokha hakufikiri hata kidogo. Ulimi uliitikia wenyewe.

"Karibu!"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini sebuleni mzee alipiga kelele ambayo Jokha hakudhani kifua kile kibovu kingeweza kuitoa.

"Umesema nini? Umewaambia nini?"

Alimkuta amejikunyata kitini, macho juu ya kabati. Kidude cha shaba kilikuwa bado kinatikisika.

"Kinagonga kila siku," mzee alinong'ona. "Mara tatu, kisha kimya. Tangu enzi za babu. Makarani wake wa telegramu waliisoma kuwa herufi moja tu, ileile, miaka nenda miaka rudi, wasijue maana yake. Babu alituapisha tusijibu. Hakuna aliyewahi kujibu. Wewe umejibu!"

Jokha akatazama zulia. Palikuwa na nyayo. Miguu mitupu, imejaa maji, inatoka kwenye kabati. Vidole vyote vimemwelekea mzee. Harufu ya mwani ikajaa chumba kizima. Alizihesabu bila kutaka. Jozi saba.

"Toka!" mzee akafoka. "Ni wageni wako, si wangu. Toka na uwachukue!"

Jokha alichukua koti lake akatoka. Hata viatu alivalia nje, kwenye mvua.

Asubuhi ejensi ikapiga simu. Mister Harcombe amekutwa kitini, amekufa. Daktari amesema ni maji kwenye mapafu, uzee tu, hakuna la ajabu. Jokha aliuliza swali moja.

"Na zulia?"

"Zulia limefanya nini?" yule dada wa ejensi akashangaa. "Zulia kavu."

Siku hiyohiyo alikwenda kwenye skani. Mkunga akampitishia mashine tumboni, akatabasamu. "Mwanao anajua kupiga teke. Hesabu mwenyewe." Teke. Teke. Teke. Halafu kimya. Jokha alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Alimpigia mama yake Pemba palepale hospitali, ukumbini, anazungumza kwa sauti ya chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Saba, umesema?"

"Saba, mama."

"Basi ni wao. Babu yangu mzaa mama alikuwemo." Mama akavuta pumzi. "Walipoleta waya Kijiwani, meli ilisimama mbali, wanaume wakapewa kamba waivute kebo mpaka pwani. Wazee wakamwambia Mzungu, hapa hapapitishwi kitu bila kubisha hodi, toa mbuzi, fukiza ubani. Akacheka. Mkondo ukavuta meli, kebo ikarudi baharini na kamba, na kamba imewazonga watu saba. Mzungu alikuwa na shoka mkononi. Pigo moja tu kwenye kamba, wote wangepona. Akaona bora ipotee roho kuliko kebo. Hawakuzikwa, mwanangu. Hawakusaliwa. Waya ukaunganishwa, wao wapo chini palepale."

"Na mimi nimewakaribisha."

"Umewakaribisha barazani. Ndani bado. Mgeni mwenye adabu haingii ndani mpaka aambiwe karibu ya pili. Sasa nisikilize. Neno hilo ulifunge. Usilitamke, na mtu asilitamke juu ya tumbo lako wala juu ya mtoto, mpaka atimize siku arubaini. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema watu. Hawa hawaji kumponya mtu. Wanatafuta mwili wa kutokea nao majini."

Jokha akaufumba mdomo wake. Na nyie mnajua kumkataza Mpemba kusema karibu ni kumkataza kupumua! Mie mwenyewe nilimpelekea sambusa, nikabisha hodi vizuri, akafungua mlango akanitazama tu, midomo imebana kama amemeza ndimu. Nikamnunia wiki mbili nzima, Mungu anisamehe. Nilisema, huyu Harrow imempa kiburi. Siku nilipomsema usoni ndipo alipolia, akanisimulia yote haya, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Mumewe, Hafidh, dereva wa basi, mtoto wa mjini Unguja, alicheka mpaka akakohoa. "Mambo yenu ya Pemba hayo! Mizimu imepanda treni ya Metropolitan?"

"Niahidi tu, Hafidh."

"Nimeahidi, nimeahidi." Huku anatafuta viatu vyake.

Mimba ikafika miezi saba. Ikafika minane. Kila jioni saa ileile mtoto alipiga mara tatu, akanyamaza, akangoja. Jokha aliuma ncha ya mtandio wake mpaka saa ipite. Godoro upande wake liliamka limelowa maji ya chumvi. Mkunga akasema chupa ya uzazi imevuja. Akapimwa, haijavuja. Akaambiwa basi ni jasho. Watu wa huku wana jina la kila kitu.

Alijifungua Februari, Jumapili mchana. Mwanamume, kilo tatu na nusu, mzima, macho makavu. Hakulia. Alimtazama kila mtu mmoja mmoja.

Mie nilikuwepo, nimeketi pembeni na chupa ya uji. Hafidh akampokea mtoto. Akamwadhinia sikio la kulia. Akamsomea ikama ya sala sikio la kushoto. Sauti ikamkatikakatika kwa machozi. Watoto wawili alikwisha kuwalilia mtu yule, na huyu wa tatu yupo mkononi mwake, ana joto. Jokha kitandani hakumwondolea macho midomoni. Alikuwa anatikisa kichwa. Polepole. Hapana. Hapana. Hafidh hamwoni. Akambusu mtoto kwenye paji la uso.

"Karibu duniani, baba."

Jokha alipiga ukemi mmoja, wauguzi wakaja mbio. Mie nilitazama saa. Sitasema ilikuwa ngapi. Mnaijua.

Mtoto akafumbua ngumi zake. Viganja vyote viwili vilikuwa na mstari mwekundu, umekatiza toka upande hadi upande, umechubuka, kama vya mtu aliyekokotwa na kamba. Na harufu ya lami, kama ya kamba za meli. Mkunga akaja, akaangalia, akasema ni alama ya kuzaliwa. Hafidh akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaenda kukaa chini ukumbini. Mpaka leo hacheki.

Nilidhani Jokha atamkataa. Alimvuta kifuani, akamfunika, akaninong'oneza, "Yeyote aliyeingia, huyu ni mwanangu. Nimengoja mara tatu." Akamwachia ziwa.

Sasa ana miezi mitatu, ananenepa, hana homa hana kikohozi. Bado halii. Maji ya kuoga tu ndiyo hayataki, hushika shingo ya mama yake kwa nguvu ambayo mtoto mchanga hana. Na nyumbani kwa Jokha hodi ile ya jioni imekoma tangu siku aliyozaliwa mtoto, hasikii tena kitu. Akamshukuru Mungu. Nami nikashukuru.

Lakini wao walikuwa saba, na aliyeingia ni mmoja. Hilo sikulifikiri mpaka wiki iliyopita.

Jumanne, saa kumi kasorobo, nilikuwa nakata vitunguu. Ukuta wangu ukabishwa. Si ule wa upande wa Jokha. Ule mwingine, wa nje, na mie nakaa ghorofa ya nne. Ko. Ko. Ko. Kwa adabu kabisa. Mdomo ulishafunguka, wallahi, neno lipo juu ya ulimi, nikajiziba kwa kiganja chenye kitunguu. Ikawa kimya. Kesho yake tena. Na kesho yake.

Mie mzee wa miaka sitini na tisa, nimekulia Unguja, tangu utotoni nikibishiwa naitikia. Siku moja nitakuwa nimesinzia. Nitakuwa nawaza mengine.

Jana nilisogeza kitanda kutoka ukuta ule nipige ufagio. Zulia limelowa, lina mchanga mweupe, na Kilburn hakuna mchanga mweupe. Nikawasha taa nikainama.

Jozi sita. Zimesimama zimenielekea.