Fomu ya Chumba cha Ngoma

Fomu zilizorudi zilikuwa kumi na tisa, na wafanyakazi wa jumba la makumbusho ni kumi na wanane. Afisa utumishi hakuhesabu. Fomu hizo za kupima utendaji kazi alizibuni mwenyewe, akajisifu nazo ofisi nzima, kisha akazitia sahihi zote kwa mkupuo, chai mkononi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia?

Mchana ule harufu ya udongo mbichi ilimfanya apekue mafaili. Ilitoka kwenye karatasi moja, fomu ya kumi na tisa.

Kituo: chumba cha ngoma. Nidhamu: sijawahi kulala. Mahitaji: fundi, awe msaidizi wangu wa kudumu. Chini yake, sahihi ya afisa mwenyewe: nimekubali.

Fundi wa ngoma alikuwa mumewe.

Alikimbia. Mlango wa chumba haukufunguka.

“Baba Watoto! Toka basi, ukale!”

“Bado nina kazi, mke wangu,” mumewe akajibu, na kabla hajamaliza sauti nyingine nzito ikayarudia maneno yaleyale, taratibu, kama inayojifunza kusema, huku ngoma zikianza kulia moja baada ya nyingine, hata zile ambazo ngozi zake zilikwisha kuoza miaka mingi iliyopita.

Mganga aliyeitwa aliweka kiganja mlangoni, akakiondoa upesi.

“Binti yangu,” alinong'ona, “mimi hutoa jini aliyechukua bila ruhusa. Huyu kakabidhiwa.”

“Sikusoma, mzee! Wallahi sikusoma! Niifute?”

“Haifutiki. Labda ubadilishe anayetakiwa, ila jini hamrudishi mtu bila kubaki na kitu chake.”

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuwa na mtu wa kumtoa badala ya mumewe isipokuwa yeye mwenyewe. Akakata neno “fundi”, akaandika cheo chake, akatia sahihi, akaipenyeza fomu chini ya mlango.

Ngoma zikanyamaza. Mlango ukafunguka, fundi akatoka, mzima, mwili mzima vumbi. Mkewe alimshika mkono walipopishana.

“Watoto wanatoka shule saa tisa. Usiwasahau, mume wangu.”

Akaingia. Mlango ukajifunga.

Fundi alipangusa vumbi, akamgeukia mganga.

“Mzee, yule mama ni nani? Na amejuaje kwamba nina watoto?”