Tatu Kabla ya Mstari

Jumapili ile ya Mei uwanja wa mbio za pikipiki wa Gorzów ulifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Jua lilikuwa kali, vumbi la kona ya pili lilitua juu ya soseji na bia za watu, na ile harufu tamu ya spiriti ya injini, ambayo mtoto wa mji huo akiinusa mara moja haponi tena, ilitanda kila mahali. Jagoda Wichlińska alikuwa amevaa gauni la njano la mikono mifupi, na skafu ya timu shingoni ingawa joto lilikuwa la kuivisha yai. Alikalia kiti kilekile cha marehemu baba yake, kijitabu cha mechi gotini na kalamu mkononi.

Watu wa Gorzów hawaendi uwanjani kutazama tu, wanakwenda kuandika. Waendeshaji wanne wanatoka nyuma ya utepe wa kuanzia ukipanda, wanazunguka mara nne juu ya pikipiki zisizo na breki, dakika moja imekwisha, na hapohapo jukwaa zima linainamisha vichwa kama darasa la mtihani. Wa kwanza pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho sifuri, na aliyeanguka anaandikiwa herufi yake. Baba yake Jagoda alimwachia kabati zima la vijitabu hivyo, misimu arobaini ya ligi, kila kisanduku kimejazwa kwa mwandiko mdogo wa fundi saa. Alimwachia na sharti moja: usiandike mpaka mtu avuke mstari, ni mkosi.

"Samahani, dada," alisema kijana wa pembeni yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni, na kofia ilimfunika hadi nyusi. "Nisaidie kuandika. Bega limevunjika, na wa kushoto unaniandikia kichina."

Jagoda akapokea kijitabu chake bila hiyana. Mzunguko wa tatu, mwendeshaji wa nyumbani akiwa mbele kwa mbali, kijana akamwambia amwandikie tatu, kwani pale nani wa kumshika.

"Subiri avuke mstari."

"Dada, yuko mbele nusu ya uwanja."

"Mimi siandiki. Una haraka, andika mwenyewe."

Kona ya mwisho mnyororo wa pikipiki ukakatika. Mwendeshaji akaisukuma huku watatu wakimpita. Jagoda akaandika sifuri kwa utulivu wa kuudhi.

Baadaye Jagoda alianza kulalamika, kama kila mtu jukwaani alivyolalamika siku hiyo, juu ya yule mwendeshaji mpya waliyemleta kutoka Rybnik. Mechi ya kwanza tu kaanguka, akasema, sasa yuko nyumbani kwake anajikanda.

"Hajikandi," alisema kijana, akivua kofia. "Amekaa na mwanamke mkorofi mwenye gauni la njano, anaombwa awe na subira."

Hivyo ndivyo Nikodem Pawlaczyk alivyomjua Jagoda. Siku tatu baadaye alipanda tramu kituo cha kwanza asubuhi na kumkuta Jagoda huyohuyo ndiye dereva, amevaa sare ya buluu na nywele kazifunga nyuma. Akasafiri mpaka mwisho wa njia na kurudi, mara nne, amesimama nyuma ya kioo chake. Mara ya tano Jagoda alimwambia kwa kipaza sauti cha tramu kwamba abiria mwenye bega bovu ateremke akanywe chai, dereva atamfuata zamu ikiisha. Tramu nzima ilicheka, na mama mmoja mwenye kikapu akampa kijana tufaha.

Walipendana kwa kelele, kwa kutaniana na kwa simu zisizokwisha. Nikodem akiwa mechi za ugenini alimpigia kutoka garini, sauti imekauka kwa vumbi. Jagoda alimuuliza kwanza kama ni mzima, halafu kama amekula, halafu pointi, na hakubadilisha mpangilio huo hata siku moja. Mechi za nyumbani Jagoda ndiye aliyemfunga buti la kushoto, lile lenye soli ya chuma ambalo mwendeshaji huliburuza ardhini kila kona. Alikuwa akilifunga, halafu analigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole.

Msimu wa pili ukafika mwisho, na timu ikawa maji ya shingo. Mechi ya mwisho ya Septemba: ushinde ubaki ligi kuu, ushindwe ushuke. Asubuhi Nikodem alipiga simu.

"Roho yangu, hujawahi kuniandikia kumi na tano kamili, tatu mara tano."

"Hujawahi kuzipata, mpenzi. Ungezipata ningeziandika."

"Leo nikizipata nitakuja chini ya jukwaa lako nikuulize jambo. Mbele ya watu wote."

"Jambo gani?"

"Subiri nivuke mstari," akasema, akakata simu huku anacheka.

Jagoda akavaa gauni lile la njano, ingawa baridi ilishaanza.

Na Nikodem akaendesha siku hiyo kama mtu aliyeapa. Tatu, tatu, tatu, tatu. Timu zikalingana arobaini na mbili kwa arobaini na mbili, ikabaki raundi moja, ya kumi na tano, na yeye yumo. Watu walikuwa wamesimama, wengine wamefumba macho. Jagoda aliwaza lile swali tu. Alilitaka, jamani, alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, akaona kisanduku kile kitupu kinamcheka. Utepe haujapanda bado alipokiandika. Tatu. Na pembeni, kwenye jumla, kumi na tano.

Nikodem aliongoza mizunguko miwili. Wa tatu, akiingia kona ya pili, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyekuwa karibu naye. Gurudumu la nyuma lilishika ardhi ghafla, pikipiki ikasimama wima, ikampeleka moja kwa moja ukingoni. Alipita juu ya mito ya hewa inayokinga ukingo, akaanguka upande wa pili, hatua ishirini chini ya miguu ya Jagoda. Hakunyanyuka. Taa nyekundu zikawaka na uwanja ukanyamaza kiasi cha kusikia mlango wa gari la wagonjwa ukifunguliwa.

Raundi ilirudiwa bila yeye. Timu ikashindwa, ikashuka ligi. Jagoda alikuwa ameketi, kijitabu kimekunjwa kifuani, anarudia rohoni neno moja: mimi. Mimi nimemuua.

Hakufa. Uti wa mgongo ulivunjika mahali pawili, na miguu haikusikia kitu. Siku ya kwanza Jagoda alifika mpaka mlango wa wodi, akaziona mashine na lile buti la chuma limewekwa ndani ya mfuko wa plastiki sakafuni, akageuka. Siku ya pili alifika getini. Siku ya tatu hakwenda.

Zikapita siku kumi na tisa. Kila zamu tramu yake ilipita kituo cha hospitali mara nane, na mara nane alifungua milango, akafunga milango, akaondoka. Nyuma yake abiria walimjadili Nikodem kama watu wanavyomjadili marehemu asiye na ndugu karibu. Kaanguka mwenyewe, walisema. Alikuwa anaangalia nini? Jagoda alishika wenzo wa kuendeshea tramu na machozi yalimdondokea mapajani, akatangaza kituo kinachofuata. Hakula. Kijitabu alikilaza chini ya mto, na usiku alikuwa akikigusa kama anayejigusa kidonda. Aliwaza kumpigia, akawaza atamwambia nini: kwamba alifanya lile ambalo baba yake hakulifanya miaka arobaini, kwa sababu ya uroho wa kuposwa? Nikodem naye hakupiga. Basi anajua, akajiambia. Anajua, na hataki kuniona.

Siku ya ishirini simu ililia. Alikuwa Luiza, dada yake Nikodem, mwanamke asiyezunguka maneno.

"Wifi, mimi sikupigii kukubembeleza. Ulimpenda akiwa mzima, sasa hakufai. Sawa, wengi wako hivyo. Lakini uje umwambie mwenyewe, maana kaacha kula, kageukia ukuta. Anakufa pale kitandani, na mama yetu anamtazama."

"Luiza, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Jagoda akakata simu. Alimwita mwenzake ashike zamu, na kwa mara ya kwanza tangu ageuke getini akateremka kituo kile, mchana kweupe, na sare yake ya kazi.

Nikodem alikuwa amekonda mpaka kifua kinahesabika mbavu. Hakugeuza uso, akamtupia jicho tu.

"Sare imekupendeza," akasema. "Umekuja kuaga?"

Jagoda alikuwa ameandaa maneno tangu kituoni, yote yakampotea. Akatoa kijitabu kwenye mkoba, akakifungua ukurasa ule na kukiweka juu ya shuka, mbele ya macho yake.

"Soma."

Nikodem akasoma. Muda mrefu macho yake hayakutoka kwenye kile kisanduku.

"Niliandika kabla ya utepe kupanda," akasema Jagoda. "Nililitaka swali lako, nikashindwa kusubiri. Mimi ndiye niliyekuangusha, Nikodem. Nilikuwa naona aibu hata kupita mlangoni. Sikukukimbia wewe. Nifukuze ukitaka, lakini usidhani nilikukimbia kwa sababu ya miguu."

Alitegemea atukanwe, au achekwe. Nikodem alifumba macho.

"Nilikuwa mbele," akasema. "Nikaingia kona ya pili, nikasema ndani ya helmeti, nimemaliza, ni mke wangu. Nikanyanyua kichwa kulitafuta gauni la njano. Nikaliona. Ndipo gurudumu likashika." Akavuta pumzi kwa shida. "Sikukupigia kwa sababu ungeniuliza nilikuwa natazama nini. Mji mzima unauliza. Nilisema moyoni, bora adhani nimemchukia kuliko ajue nilikuwa namtazama yeye, abebe hilo maisha yake yote."

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamefunga mdomo siku ishirini, mmoja kwa aibu, mwingine kwa kumlinda mwenzake, na karibu wauane kwa kunyamaza. Jagoda akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkono wake, wakalia pamoja bila kuona haya. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu mzima mwenye adabu, akajifunika gazeti.

"Kalamu unayo?" Nikodem akauliza mwishowe.

"Siku zote."

"Kata hiyo tatu. Uandike ukweli."

Jagoda akaikata. Akaandika herufi ya aliyeanguka, akakata kumi na tano, akaandika kumi na mbili. Nikodem akamtazama akimaliza, kisha akagusa ukingo mtupu chini ya ukurasa.

"Daktari anasema pikipiki basi. Kuhusu kutembea hana uhakika, labda kwa magongo, labda hata hivyo hapana. Mguu wa kushoto hausikii kabisa. Sina tena cha kukuuliza mbele ya watu, mpenzi, lakini swali ninalo lilelile. Utaolewa na mimi hivi nilivyo? Jibu liandike hapo, nilione kwa macho, maana masikio yangu hayaamini tena kitu."

Jagoda alichukua kalamu. Akaitazama ile nafasi tupu. Halafu akairudishia kalamu kifuniko chake na kuitia mfukoni mwa sare.

Nikodem akageukia ukuta. "Nimeelewa," akasema.

"Hujaelewa kitu. Geuka huku." Akamshika kidevu, akamgeuza mwenyewe. "Sitaandika leo, wala kesho. Nipe tarehe ya ofisi ya ndoa. Siku hiyo nikishasema mbele ya msajili, na wewe umesema, na Luiza ametia saini ya shahidi, nitakaa kwenye ngazi za ofisi na gauni langu nitaandika. Mimi huwa nasubiri mtu avuke mstari."

Nikodem aliushika mkono wake tu, kwa nguvu ya kushangaza kwa mtu aliyeacha kula.

Muuguzi akaingia, saa ya kumgeuza mgonjwa imefika, akamwomba mgeni atoke kidogo. Jagoda hakutoka. Alivua koti la sare, akakunja mikono ya shati na kumwambia muuguzi amfundishe. Muuguzi akawatazama mmoja mmoja, kisha akamwonyesha: mkono mmoja chini ya goti, mwingine kifundoni, uinue polepole.

Jagoda akaingia upande wa kushoto. Mguu ule, ulioburuza chuma kila kona, ulikuwa mzito kuliko alivyofikiri. Akaugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha akauinua.