Bibi wa Chunguni

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, maana ujinga ule tuliugawana watu watatu, na kila mmoja akisimulia hujikatia kipande kidogo. Mimi nachukua kikubwa.

Mtaani waliniita Redio kwa sababu sikuwa na kitufe cha kuzimia. Nilikuwa darasa la sita, nikikaa kwa baba mdogo na mkewe, mama mdogo, kwenye vyumba viwili nyuma ya bekari. Nikitoka shule nilibadili shati, nikala, nikaenda bekari kufuta trei. Kazi yenyewe haikuwa na utukufu wowote: unakwangua makombo, unapaka mafuta, unapanga. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye kasia. Ndivyo tulivyouita ubao mrefu wa kutolea mikate tanurini. Aliyeruhusiwa kulishika kasia alikuwa mtu. Sisi wengine tulikuwa bado njiani kuelekea kuwa watu.

Mwenye kasia alikuwa mkuu wa tanuri, mzee tuliyemwita Babu Ganda kwa sababu alifanana na mkate wake: nje mgumu, ukimbonyeza kidogo tu, ndani laini. Na kazi yake kubwa haikuwa kuoka. Ilikuwa kumlisha Bibi.

Bibi hakuwa mtu. Alikuwa chachu, uji mzito wa unga na maji uliokaa kwenye chungu cha udongo juu ya rafu, ukichacha na kutoa mapovu. Bekari nyingine zilinunua hamira ya pakiti. Sisi tulikuwa na Bibi. Mchana alipewa unga na maji, akafura taratibu, alfajiri akachotwa na kukandwa kwenye mikate, na kidogo kikabaki chunguni kwa ajili ya kesho. Mambo yalikwenda hivyo tangu Babu Ganda akiwa kijana. Harufu ya mkate wetu ilitoka kwake. "Bibi ameshakula?" "Bibi leo amenuna, kuna baridi." Mgeni akitusikia alidhani tuna mgonjwa ndani.

Mfanyakazi akioa, Babu Ganda alimchotea kidogo kama zawadi. Siku ya harusi ya baba mdogo watu walileta masufuria na mapazia. Yeye alileta bakuli la uji unaonuka. Mama mdogo alicheka mpaka kilemba kikalegea. Hata hivyo hakuutupa. Aliulisha, akajifunza tabia zake, na mkate wa nyumbani kwetu aliuoka mwenyewe.

Basi siku moja ya likizo mwenye bekari, mama mwenye miwani na haraka nyingi ambaye tulimwita Bosi, alikuja akatukusanya. Alikuwa amejenga tanuri la pili.

"Kesho asubuhi nakuja kuonja mkate," alisema. "Nikiridhika, nitamtangaza mkuu wa matanuri yote mawili."

Kila mtu alimgeukia Babu Ganda. Baba mdogo, msaidizi wake, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mama mdogo aliposikia habari hiyo wakati wa chakula cha mchana, aliweka kijiko chini.

"Ukapiga makofi," alisema.

"Nilipiga, ndiyo. Ni mkubwa wangu."

"Nani anaamka kabla ya jogoo kuwasha tanuri? Wewe. Nani anabeba magunia? Wewe. Mzee analala mchana kwenye magunia hayo hayo, na cheo kinamfuata huko huko kitandani."

"Mzee yule ndiye aliyenifundisha kushika unga, mke wangu."

"Na atakufundisha mpaka na wewe uitwe babu." Alimwongezea mboga, tena ile sehemu nzuri. Sauti yake ikashuka, ikawa tamu. "Mimi nakujua. Mikono yako ina akili kuliko mikono yote pale. Ungekuwa na moyo wa kulingana na mikono hiyo, tungekuwa mbali."

Baba mdogo akachovya tonge kwenye mboga. Mimi nilijikunyata na sahani yangu, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Bibi ni kitu cha kuchacha," mama mdogo aliendelea. "Vitu vya kuchacha huharibika. Akiamka kesho hana povu, mkate ukatoka kama tofali mbele ya Bosi, watu watasema nini? Watasema mzee amechoka. Birika moja tu la maji ya moto."

"Acha utani."

"Sitanii."

"Siwezi."

Mama mdogo akasimama, akaanza kukusanya vyombo kwa kelele. "Nilidhani nimeolewa na mwanamume. Kumbe nimeolewa na kiti! Kila mtu anakuja, anakikalia, anaondoka, nacho kinashukuru." Kisha akanigeukia mimi. "Redio, hebu mwambie. Akiwa mkuu, kasia litashikwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoingia kwenye hesabu ya wajinga. Nilijiona nimesimama mbele ya tanuri jipya na kasia mkononi, darasa zima likichungulia dirishani. Nikamtazama baba mdogo, nikasema kwa sauti ya kichokozi ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kuimeza:

"Au unaogopa, baba mdogo?"

Maneno ya mkewe aliweza kuyavumilia, alikuwa ameyazoea. La mtoto ndilo lililomchoma. Alinyanyuka, akavaa aproni, akatoka. Nilimfuata nikiruka ruka.

Bekari wakati huo ilikuwa kimya. Mikate ya siku ilikuwa imekwisha kuuzwa na wafanyakazi wengine wamekwenda kupumzika. Babu Ganda alikuwa anajinyoosha juu ya magunia, unga kwenye nyusi zake.

"Mlisheni Bibi," alisema akipiga miayo. "Mimi nafumba jicho kidogo. Nikiwaachia ninyi sina wasiwasi." Kabla hajamaliza kusema, akaanza kukoroma.

Birika la chai lilikuwa linachemka kwenye jiko la pembeni. Nilikwenda nikalileta. Hakuna aliyenituma. Baba mdogo alifunua chungu. Bibi alikuwa na mapovu madogo madogo yanayopasuka polepole, kama mtu anayenong'ona usingizini.

"Redio," alisema, "hebu tungoje."

"Mzee atazinduka," nikamwambia. "Mimina."

Akamimina.

Mvuke ulipanda, ukaja na harufu ya uji uliopikwa. Mapovu yakaacha. Hakuna radi iliyopiga, hakuna kilichoanguka. Baba mdogo alirudisha kifuniko, akatandika kitambaa juu yake, kisha akachukua kitambaa kingine akatandika tena, halafu akavua na skafu yake akafunika nayo. Nilimwona mtu mzima anamfunika maiti ili asipate baridi.

Kwa kujituliza nikaliendea kasia. Nikasema, wacha nilishike tu nione litakavyokuwa. Kumbe lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Lilinishinda, likayumba, likafagia rafu nzima ya trei. Zile trei nilizozifuta kwa mikono yangu zilishuka moja moja zikipiga kelele kana kwamba kila moja inataja jina langu.

Babu Ganda aliruka. "Nani amekufa?"

Baba mdogo akasogea mbele ya chungu.

"Mmemshtua Bibi, nyie watoto," alisema akicheka, akakivuta chungu. Aliondoa skafu, kitambaa, na kitambaa kingine. Akafunua. Akanusa. Akaingiza kidole, akakitazama.

Nilitegemea makofi. Nilikuwa nimekaza mashavu tayari. Lakini mzee aligeuka akapima kwa macho umbali kati ya rafu na tanuri, akakaa chini juu ya gunia.

"Nimemweka karibu mno na moto," alisema taratibu. "Nimempika. Miaka yote hii, leo nimempika. Haya macho, na hii akili." Alianza kufungua kamba ya aproni. "Kesho Bosi akija, mwambieni asiniulize habari za matanuri mawili. Hata moja limenishinda."

Aliikunja aproni vizuri akamkabidhi baba mdogo.

Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta, wenzangu. Kilikuja chenyewe, kimekunjwa, hadi mikononi. Na baba mdogo alikishika kama kinaunguza.

"Si wewe, Mzee," alisema. "Si wewe. Ni mimi. Nimemwagia maji ya moto. Nilitaka cheo chako."

"Na mimi nilileta birika," nikadakia, nikiwa nalia tayari.

Babu Ganda alitutazama kwa zamu. Nilidhani atatufukuza. Alichukua aproni yake, akaivaa, akaikaza kamba.

"Kwa hiyo akili yangu ni nzima," alisema. "Alhamdulillahi. Kuhusu ninyi tutazungumza baadaye, na hamtayapenda mazungumzo hayo. Sasa niambie: lile bakuli nililowapa siku ya harusi, mkeo alilitupa?"

Baba mdogo akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nilimkuta mama mdogo jikoni, bakuli lenyewe liko mbele yake, analikoroga huku anaimba wimbo wa mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Nikamweleza kila kitu bila kupumua. Aliposikia baba mdogo amekiri, uso ulijaa hasira.

"Kiti!" alisema. "Kiti kabisa!"

"Mzee alidhani amemuua mwenyewe," nikasema. "Alisema macho yake na akili yake vimekwisha. Akavua aproni."

Mwiko ukasimama.

"Alisema ni yeye?"

"Akaikunja vizuri, akampa baba mdogo."

Mama mdogo alitazama bakuli. Ndani yake mapovu yalikuwa yanapanda na kupasuka, makubwa, yenye afya. Angeweza kulimwaga pale pale kwenye sinki, na mpango wake ungebaki mzima. Nilimwona anafikiri hivyo. Kisha alilikumbatia bakuli kifuani, akatoka nje akiwa amevaa kandambili mbili zisizofanana, moja yake na moja ya mumewe.

Bekarini alikwenda moja kwa moja kwa mzee. Alimwekea Babu Ganda bakuli mbele. Mzee akanusa, akafumba macho, na uso wake mgumu ukalainika wote.

"Huyu hapa," alisema. "Huyu hapa, jamani! Tena amenenepa. Binti, unamlisha nini huyu?"

"Unga tu, Mzee," mama mdogo alijibu akitazama chini. "Na maji vuguvugu. Baridi ikizidi nampeleka karibu na jiko."

Alasiri ile nzima tulikuwa wauguzi. Tulimlisha kidogo, tukangoja afure. Tukamwongezea, tukangoja tena. Baba mdogo aliosha chungu mpaka kikang'aa. Nilizikusanya trei zangu nikazifuta upya, na hakuna aliyenihurumia. Jua lilipoinama, Bibi alikuwa amerudi chunguni, amejaa, anapumua. Mama mdogo aliona kifuniko kinainuka chenyewe, akacheka kwa sauti, kisha akakumbuka kwamba hastahili kucheka, akaziba mdomo.

Asubuhi Bosi alikuja na haraka zake. Mkate ulitoka na rangi ile ile, harufu ile ile. Alimega, akatafuna.

"Huu ndio wenyewe," alisema.

Nilihisi mabega yangu yanashuka kutoka masikioni. Lakini baba mdogo hakumngoja hata ameze. Alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Bosi alipaliwa, ikabidi apewe maji.

Hukumu ilikuwa fupi. Babu Ganda mkuu wa matanuri yote. Baba mdogo akarudishwa kwenye magunia na trei, pamoja nami, mpaka mzee atakaposema vingine. Bosi alipomgeukia mama mdogo, aliyekuwa amekuja nasi tangu alfajiri, mzee aliomba kuzungumza.

"Huyu tumwajiri," alisema.

Bosi alivua miwani. "Huyu huyu?"

"Ameitunza chachu miaka yote bila kusimamiwa na mtu. Ana mikono." Kisha akamgeukia mama mdogo. "Binti, kutaka kupanda si kosa. Hata unga unataka kupanda. Kosa ni kutaka upande juu ya mgongo wa mwingine, tena kwa kumsukuma mumeo atangulie. Ukitaka tanuri, njoo ulitafute kwa mikono yako. Tunaanza alfajiri, na utaanzia kwenye kukanda."

Mama mdogo alilia, akasema atakuja. Na alikuja. Leo mikate mingi inayotoka pale imepita mikononi mwake, na kasia analishika vizuri kuliko mumewe.

Siku hiyo, baada ya Bosi kuondoka, tulikaa kwenye magunia tukinywa chai na kula mkate wa moto, roho zimetulia. Na roho zikitulia, midomo hufunguka.

"Lakini mimi, Mzee, nilisema tu," mama mdogo alianza. "Maneno hayachemshi maji."

"Ulisema tu?" baba mdogo akashtuka. "Nani aliniita kiti? Mimi nilisukumwa. Hata pale mwisho nilisema tungoje. Redio ndiye aliyeniambia nimimine!"

"Mimi?" nikaruka. "Mimi nilileta birika tu! Tena lilikuwa birika la chai!"

Tulipandishiana sauti, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kipande cha mkate. Babu Ganda alichovya chake kwenye chai, akala, akajipangusa makombo kwenye ndevu, akangoja mpaka tukaishiwa pumzi.

"Nimewaelewa," alisema. "Bibi alijimwagia mwenyewe."