Ganzi ya Siku Kumi

Nyuzikono nne, mikono ya mtambo wa upasuaji, zilitoka kitovuni mwa Ambakisye, nyembamba kama miguu ya buibui, na ya mwisho ilivuta kifuko chenye uvimbe uliokatwa kwenye figo. Dakika ishirini na mbili. Damu iliyomwagika haikujaza kijiko cha chai.

Atuganile, mhandisi aliyeubuni mtambo huo, alisimama nyuma ya kioo akitafuna ukucha. Wagonjwa elfu tatu wa Mbeya walikwisha kupona kwa nyuzikono zake, lakini huyu alikuwa mdogo wake wa pekee. Baba yao alipasuliwa enzi za visu, mbavuni hadi kiunoni. Alilala wodini wiki sita, na kidonda kilichooza ndicho kilichomuua.

Saa sita mchana Ambakisye alikuwa anatafuta viatu.

"Dada, mmenipasua kweli? Mbona mbu huacha alama kubwa kuliko hii?"

"Mshono uko ndani. Ganzi itakaa siku kumi, hutasikia kitu. Usinyanyue kizito mwezi mzima. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama wa mitambo."

Siku ya tatu jirani yao alifariki. Siku hizo mashine zilichimba kila kitu mtaani, mitaro hata misingi ya maghorofa, ila kaburi lilichimbwa kwa mikono ya wanaume wa mtaa. Ambakisye alikwenda kukaa nao tu.

"Umepasuliwa? Hebu tukione kidonda," alisema Lugano, aliyekuwa ndani ya shimo.

Ambakisye akafunua shati. Wakainama, wakatafuta, wakaangua kicheko.

"Hicho? Mke wangu akinikuna mgongo huniachia zaidi ya hapo! Shika chepe, bwana, acha uvivu."

Ambakisye alicheka nao, akashika chepe. Hakusikia maumivu hata chembe. Alichimba hadi shimo likamfika kifuani, akala msibani, akarudi nyumbani akisema amechoka kidogo. Ndani mshono ulikuwa umeachia. Damu ilijaa taratibu chini ya ngozi safi, na alfajiri mkewe alimgusa akamkuta wa baridi.

Kaburi lake walilichimba walewale. Lugano hakukubali kupokewa zamu.

Atuganile alipitia kumbukumbu za mtambo mara kumi, akitafuta kosa la hata unywele mmoja. Hakuliona. Angeliona, angepata usingizi. Lakini ganzi ilikuwa kazi ya mikono yake, na alikuwa ameipokelea tuzo.

Baada ya arobaini aliipunguza ganzi ikawa ya siku moja. Wagonjwa wakalalamika, wakubwa wakamwita, akawajibu, akarudi kazini.

Siku hiyo alitolewa mfuko wa nyongo Mama Tumpe, mfyatua matofali. Atuganile alichukua bandeji mwenyewe, akaanza kumzungushia, kifuani hadi nyongani, mzunguko juu ya mzunguko.

"Mwanangu, tundu lenyewe silioni. Yote haya ya nini?"

"Hii si ya kidonda, mama," alisema Atuganile, akikaza fundo. "Ni ya majirani."