Alichopewa Akakishika

Haya nilisimuliwa na fundi anayenishonea nguo, wiki mbili zilizopita, siku aliponipunguzia gauni kiunoni. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alisimulia vipande vipande, na alipokosea, kaka yake aliyekaa pembeni alimsahihisha. Mimi nimeyaunganisha tu.

Ilianza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ile saa ya mchana ambayo kila mteja anataka ahudumiwe yeye kwanza. Fundi alikuwa amefuata mafuta ya cherehani. Alivaa blauzi ya njano aliyojishonea mwenyewe, mikono imejaa marinda kama ya bibi harusi. Mbele yake alisimama kijana mrefu, ovaroli imetobokatoboka kwa cheche za moto, bomba la chuma begani. Mtu akamwita kutoka nje, "Chizi, fanya haraka bwana!" Kijana akageuka, na bomba likageuka naye. Likazoa makopo ya rangi kwenye rafu, likarusha kofia ya mzee mmoja, likaingia kwenye mkono wa ile blauzi na kuuchana mpaka begani.

"We dada, huoni? Kipofu nini?"

"Kipofu ni mwenye bomba au mwenye mkono?" Fundi akamsukuma kifuani kwa nguvu zake zote. Bomba likaanguka kwenye vidole vya miguu ya kijana mwenyewe, akaruka ruka kwa mguu mmoja, duka zima likacheka.

Aliporudisha mguu chini akamtazama vizuri, na hasira ikamwisha pale pale. "Samahani, malkia. Niambie unashonea wapi, nikuletee kitambaa kama hiki."

"Unajua hata kinaitwaje?"

"Sijui. Nitauliza mpaka nichekwe."

Kesho yake akaleta kitambaa cha pazia. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Basi hapo ndipo mapenzi yalipopata mlango.

Kijana alikuwa mchomeleaji wa mageti kwenye karakana iliyo mtaa wa pili kutoka kwenye kibanda cha Fundi. Pale karakana hakuna aliyeitwa jina lake. Yeye Chizi, kwa sababu alipanda juu ya paa bila kamba. Mwenzake mwenye jicho moja linaloangalia kando, Kengeza. Wakigombania nyundo walitwangana ngumi kwanza, ndipo wakaulizana. Na mgeni yeyote akiingia mara ya kwanza, mteja au mtafuta kazi, walimpa kipande cha nondo kilichotoka kukatwa. Chuma kikishapoteza wekundu hukijui kama kina moto. Mgeni anashika, anapiga yowe, anakitupa, nao wanaangua kicheko: "Zezeta huyo!" Hiyo waliiita kubatizwa. Chizi mwenyewe alibatizwa hivyo, na kovu analo.

Kwenye simu alikuwa mtamu kama asali.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako. Nakupenda kichizi, unajua? Nikikosa simu yako nakuwa mwehu kabisa, wanifunge kamba."

"Acha maneno."

"Maneno gani? Muulize Kengeza. Leo nimechomelea bawaba upande usio wake, akaniambia umerogwa, taahira wewe."

Fundi alicheka, lakini alipunguza sauti ya simu. Kwa maana nyuma ya kibanda kile kulikuwa na chumba, na chumbani alikaa kaka yake. Kaka aliugua akiwa chuoni, akaanza kusikia watu wanaomsema ambao hawapo. Akalazwa, akapewa dawa, akatulia. Anameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hakosi. Kazi yake ni vifungo. Kifungo alichokishona Kaka hukitoi mpaka ukate na kitambaa. Ila ukimwambia jambo, hulifuata neno kwa neno, kwani kufuata maagizo ndiko kulikomshikilia asipotee tena.

Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kumtaka Fundi. Wa kwanza alipomwona Kaka aliaga kwa adabu. Wa pili alisema hawezi kuzaa watoto kwenye ukoo wa vichaa. Kwa hiyo Chizi hakuambiwa. Alipouliza, "Hapo ndani nani anakohoa?" alijibiwa, "Jirani."

Miezi mitano ikaenda hivyo. Siku moja Chizi akapiga simu. "Ile stuli niliyokuahidi imekwisha, malkia. Nimeipaka rangi ya ile blauzi. Nije nayo?"

Fundi akajipa moyo. Akasema, "Usije. Namtuma mtu."

Alitaka waonane. Alisema moyoni, Chizi akimtazama Kaka kama mtu, nitajua ananifaa. Lakini hakumwambia yeyote kati yao. Kaka alimwambia tu hivi: "Nenda karakana, sema umetumwa na Fundi. Utakachopewa, kishike kwa mikono miwili, usikiachie mpaka ufike hapa." Alisema hivyo kwa sababu mwezi uliopita Kaka aliweka furushi la mteja njiani afunge kiatu, na likaibwa.

Kaka akaenda. Mashati yake yalikuwa safi siku zote, kola imepigwa pasi. Akasimama katikati ya kelele za karakana, akasema polepole, "Nimetumwa na Fundi. Nipewe."

Pale kila mtu huitwa fundi, hata Chizi hakuwaza kuwa huyu ndiye mtu wa stuli. Kengeza akaiga ile sauti, "Nipeeewe!" Wakacheka. "Mgeni huyo. Chizi, mpe basi, kaomba mwenyewe!"

Na Chizi, aliyekuwa ndiyo kwanza amekata nondo, akaiokota kwa glavu yake nene, akampa.

Kaka akaishika kwa mikono miwili.

Walingoja yowe. Halikuja. Kaka alifumba mdomo, akaibana nondo kifuani, akageuka, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Walicheka, "Zezeta kabisa huyu!" wakacheka mpaka harufu ilipowafikia. Wote wanaijua harufu ya ngozi inayoungua.

Chizi akatoka mbio. Akamfikia barabarani, pale kibanda cha Fundi kinapoonekana. "Achia! Achia, kaka, ina moto!"

"Nimeambiwa nisiachie." Machozi yalikuwa yanamtoka Kaka, na vidole ndio kwanza vinakaza.

Chizi akavuta, haikutoka. Akampiga kiwiko, haikutoka. Akamtandika ngumi ya mdomo, damu ikaruka kwenye ile kola safi, akamkanyaga mguu, akaivuta nondo kwa kuizungusha, ikatoka na ngozi.

Wakati huo huo Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake akitazama njia, mkasi wa kukatia mkononi. Aliona mpenzi wake anampiga Kaka. Hakuona kingine.

Alikimbia. Mkasi ule wa chuma kizito ulimchana Chizi kuanzia sikioni mpaka kwenye taya, akaurudisha tena, ukaingia begani. "Umemuua! Umemuua kaka yangu!" Watu wakasikia neno kuua. Wenye viti wakaja na viti, wenye mawe wakaja na mawe. Chizi akaanguka chini, wakamkanyaga mbavu, mtu akampiga kwa kreti ya soda mpaka kreti ikapasuka. Fundi alimkumbatia Kaka, akatazama. Neno moja lake lingewazuia. Hapa aliponisimulia alizitoa pini mdomoni, akasema, "Bibi, nililinyamazia lile neno."

Aliyewazuia ni Kengeza. Alikuja na bomba, akalipunga mpaka wakatawanyika, akilia na kutukana kwa pamoja.

Siku ya nne, muuza matunda wa pale njiani akaja kibandani. "Mwanangu, yule kijana hakuwa anampiga. Alikuwa anampokonya chuma cha moto. Nimeona kwa macho yangu."

Kaka alikuwa kalala kitandani, mikono yote miwili imefungwa bandeji kama ngumi za bondia. Hakutaka kusema aliyempa. Simu yake ilikuwa na simu arobaini za Chizi alizozikataa. Sasa akapiga yeye.

"Mpenzi." Sauti ya Chizi ilitoka kwa shida, taya imeshonwa nyuzi kumi na moja.

"Nisamehe. Umemwokoa kaka yangu, na mimi nimekukata kama kitambaa. Nilikuficha ugonjwa wake wa akili. Nilisema ni jirani. Nisamehe, baba."

Chizi angenyamaza pale, mambo yangekwisha. Penzi lilikuwa limerudi lenyewe miguuni pake.

"Aliyempa ni mimi," Chizi akasema.

"Umempa nini?"

"Nondo. Nilijua ina moto. Ndivyo tunavyowafanya wageni. Sikujua ni kaka yako."

"Kwa hiyo angekuwa kaka wa mtu mwingine?"

Fundi akakata simu.

Kesho yake Chizi alirudi karakana na bandeji usoni. Alikuta mteja kijana ameingia kuulizia dirisha, na mmoja wa mafundi ameinama kuokota kipande cha nondo. Chizi alimpiga fundi yule teke la mkono, kipande kikaruka. Mwingine akamrukia mgongoni, wakaviringishana kwenye vumbi la chuma, nyuzi za taya zikakatika tatu, damu ikajaa mdomoni.

"Umekuwa kichaa?" akafoka mwenye karakana.

"Kichaa ni nani hapa?" Chizi akatema damu. "Yule mliyemcheka ana cheti cha daktari, na hajamchoma mtu! Sisi tuna cheti gani?"

Hapo Kengeza akatupa glavu chini. "Na mimi sitaki hilo jina lenu. Miaka kumi na minne mnaniita Kengeza. Mke wangu naye sasa ananiita hivyo." Wakashangaa wote, maana walidhani analipenda.

Jioni ile ile Chizi akaja kibandani. Fundi alisimama mlangoni, mkasi mkononi.

"Sikuja kwako. Nimekuja kwake."

"Mwache aingie," Kaka akasema kutoka ndani.

Chizi akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Kaka alimtazama mikono tu, wala si uso.

"Wewe ndiye uliyenipa. Kwa nini?"

"Tulikuwa tunacheka."

"Mimi sikucheka."

"Hukucheka, kaka."

Kaka akafikiri. "Wanakuita Chizi. Nani alikupima?"

"Hakuna aliyenipima."

"Mimi walinipima siku ishirini na moja. Jina lako ni la bure." Kisha akaonyesha kwa kidevu rundo la mashati ya shule pembeni, mia mbili na kumi, hakuna hata moja lenye kifungo. "Yale ni kazi yangu. Sina mikono."

Basi Chizi akaketi, akashika sindano. Vidole vyake ni vya kukunja chuma, sindano ilipotea humo kama unywele. Kaka akalitazama shati la kwanza, akasema, "Fumua." La pili, "Fumua." Siku ile alifumuliwa kumi na tisa, vidole vikavuja damu, akavilamba akaendelea. Siku ya pili akaja tena, na ya tatu. Fundi alishona mgongo umemwelekea, na cherehani ikagonga kwa hasira.

Wiki ya pili akamwekea chai. Wiki ya tatu Chizi akasema bila kuinua kichwa, "Najua sistahili. Ila nataka kukuoa, na nataka tukae naye humu humu."

Cherehani ikasimama. "Unamwona Kaka? Dawa yake inamlaza kila siku baada ya chakula cha mchana. Toka umeanza kuja hajalala. Anapambana na usingizi, anachungulia mikono yako. Siku atakapolala wewe ukiwa humu ndani, niulize tena. Kabla ya hapo usiniulize."

"Na asipolala?"

"Utakuwa umejifunza vifungo."

Akaendelea kuja. Kaka alikaa kwenye mkeka wake, kichwa kinadondoka, anajiamsha, anaangalia ile mikono. Usoni alikuwa amekonda. Daktari aligomba. Chizi akasema kama ni hivyo aache kuja, mgonjwa apumzike. Kaka akakataa. "Mashati hayajaisha."

Yakabaki mashati manne. Ilikuwa saa nane mchana, joto limekaa kwenye bati. Fundi alikuwa ameshona tangu alfajiri. Akaweka shavu juu ya cherehani apumzike kidogo, na usingizi ukambeba. Chizi akashona kifungo, akashona kingine. Mbavu zilikuwa bado zinamuuma, hata kwake hakuwa analala vizuri. Kichwa kikaegemea ukuta, mdomo ukawa wazi, sindano imebaki kati ya vidole, ncha imeelekea kiganjani.

Kaka akasogea kwa magoti. Bandeji alikuwa amefunguliwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa vile viwili, taratibu sana, akaichomoa ile sindano, akaichomeka kwenye mto wa pini. Akalichukua shati, akakikagua kifungo, akakivuta kwa meno. Hakikutoka.

Akairudia ile mikono. Ilikuwa imefunguka juu ya magoti, haina kitu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akalikunja shati, akaliweka chini ya kichwa, akajinyoosha kwenye mkeka pale pale miguuni pa yule kijana, akalala.