Mnavu wa Mama Otuoma

Jua lilikuwa linazama Atieno aliposhuka ziwani na ndoo yake kuchota maji ya bustani. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha Igombe, ikalowesha ardhi vizuri, halafu ikakata bila kuaga. Mchicha na sukuma wiki, mbegu alizonunua stendi ya Buzuruga, vilikuwa vimeshatoa majani mawili mawili. Nani ataacha miche ife kwa kiu na ziwa zima limelala mbele yake?

Lakini moyo wake haukuwa na raha. Miche ile ilimsuta kila alipoitazama.

Kisa chenyewe ni hiki. Atieno alikuwa mke mdogo wa Okwach, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mke mkubwa alikuwa Agutu, ambaye wote walimwita mama Otuoma. Na kwa Wajaluo wa boma lile, mvua ikianza, mke mkubwa ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini. Mdogo humngoja. Akimtangulia, ni sawa na kumhesabu mkubwa wake kuwa marehemu, na wapo wanaosikia hesabu ya namna hiyo, ambao si watu.

Mwaka huu mama Otuoma alikuwa anaumwa kifua, anajikokota kwa fimbo. Atieno alingoja, akachoka kungoja. "Ni mchicha tu jamani," akajiambia, "si mahindi." Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, akazunguka nyuma ya nyumba kimya kimya, akapanda.

Jioni ile ile mama Otuoma akaanguka kitandani. Dawa za zahanati hazikufua dafu.

Ingekuwa nafuu kama mama Otuoma angekuwa mke mwenza wa kwenye visa vya mtaani, wa midomo na visirani. Hakuwa hivyo. Atieno alipojifungua, ni yeye aliyemkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akambeba mtoto usiku kucha ili mama yake alale. Atieno aliyajua hayo yote. Alijua pia kwamba akisema tu alichofanya, wazee wangeitwa na njia ya kutengeneza ingepatikana. Kila asubuhi aliingia kwa mgonjwa na shikamoo mdomoni na ungamo kooni, na kila asubuhi ilitoka shikamoo peke yake. Alijichukia kwa hilo, kisha akaenda kumwagilia.

Basi akapandisha kutoka ziwani, ndoo kichwani. Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye migomba. Akakata kona ya nyumba...

Kulikuwa na mtu bustanini.

Ameinama juu ya tuta la mwisho, kitenge cha kijani kimefungwa kifuani. Kitenge cha mama Otuoma. Na kikohozi chake kile kile, kifupi, cha mara mbili.

Kh... kh...

Atieno akatua ndoo. Furaha ilimjia kwanza, na aibu ikafuata hapo hapo.

"Shikamoo, mama Otuoma," akanong'ona. "Umepata nafuu?"

Marahaba haikuja.

Upepo ukaleta harufu ya matope, yale meusi yanayooza chini ya magugu maji. Kwa nini bustani inuke ziwa? Atieno alijiuliza, lakini hakujiuliza kwa muda wa kutosha.

"Ng'oa," ikasema sauti ya mama Otuoma. Uso haukuinuka.

"Nisamehe, mama. Mimi nili..."

"Ng'oa yote. Usiache hata mmoja."

Atieno akapiga magoti. Aling'oa huku analia, mchicha kwa sukuma, viganja vyote viwili, na kila mche uliotoka ulimpunguzia mzigo kifuani. Hatimaye adhabu imefika, akawaza, na ni ndogo kuliko alivyostahili. Kwenye pembe ya tuta la mwisho akakuta mnavu mchanga, umejipanga vizuri kwenye mstari wake. Hakukumbuka kupanda mnavu. Mkono ukasita.

"Na huo."

Akaung'oa.

Mtu yule akacheka. Kidogo tu, puani... Atieno alipoinua macho hakuona mtu. Kwenye udongo laini kulikuwa na alama za magoti yake mwenyewe, basi.

Alikimbia mpaka nyumba kubwa. Taa ya sola ilikuwa inawaka, na chumba kilinuka dawa ya kuchua. Mama Otuoma alikuwa amelala chini ya blanketi, midomo imekauka.

"Unakimbia nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

Ungamo likatoka lote kwa mkupuo. "Mama, nilikutangulia! Nilipanda Jumapili, wewe hujapanda. Ni mimi niliyekulaza hapa. Lakini nimeng'oa yote, kama ulivyosema."

Mama Otuoma akatabasamu. "Hukunitangulia, mjinga wewe. Mlipokuwa kanisani nilijikokota mpaka kwenye matuta yako. Nakujua, huwezi kungoja. Nikatia mbegu za mnavu pale pembeni, ili ukipanda uwe umenifuata. Mvua ikanikuta huko huko. Hiyo ndiyo imenilaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uje useme mwenyewe. Kiburi tu, mdogo wangu..." Tabasamu likakatika. "Umesema umeng'oa yote?"

"Yote."

"Na mnavu? Huo ndio uliokuwa unanihesabu hai."

Atieno akatazama viganja vyake. Vilikuwa bado vina udongo mbichi.

"Ni wewe uliyesema, mama. Ulikuwa pale bustanini. Uliniambia na huo."

"Atieno. Mimi sijatoka kitandani hapa tangu Jumapili."

Kh... kh...

Nje.

"Hodi," ikasema sauti ya mama Otuoma, nyuma ya mlango.

Mgonjwa akamshika Atieno mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Usiitikie," akanong'ona. "Asiitikiwe na mtu yeyote wa boma hili." Sauti yake ilikuwa imekonda, na kila hodi iliyobishwa nje iliikondesha zaidi.

"Hodi wenyewe..."

Atieno akauma upindo wa kitenge chake. Harufu ya matope ilikuwa inapenya chini ya mlango. Kisha akasikia pikipiki ikiingia uani, injini ikazimwa. Okwach alikuwa amerudi kutoka Mwaloni.

Alitaka kupiga kelele amwonye. Lakini kupaza sauti si ndiyo kuitikia kwenyewe? Neno likamkwama kooni, pale pale lilipokuwa limekwama kila asubuhi, na kwa mara nyingine Atieno akanyamaza.

"Mama Otuoma!" Okwach alikuwa anacheka kwa furaha kule nje. "Mungu mkubwa, umeamka! Sasa mbona unapiga hodi kwako? Ingia, mke wangu. Ingia ndani."

Ndani ya kiganja cha Atieno, vidole vya mama Otuoma vikalegea kimoja kimoja.

Mlango ukasukumwa.